Pazia Lililocheza Nyuma Yako

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha kila mwaka kimepita. Sisi huku hatujambo. Mimi mgongo unanisumbua kidogo kwa kusimama ubaoni, lakini huo ni ugonjwa wa walimu wote wa hesabu na hauna dawa ila kustaafu. Shemeji yako ni mzima. Mama naye ni mzima, na habari za macho yake nitakupa mwishoni, zisije zikapotea katikati ya mengine.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wa simu unausoma na kunyamaza, na vile vijialama vya kuonyesha umeusoma ninaviona. Karatasi haina alama hizo. Usipojibu nitaweza kujidanganya kwamba posta wameipoteza.

Nimekusalimu vizuri kwa sababu Mama alitufundisha kumsalimu hata mtu tunayekwenda kugombana naye. Sasa salamu zimekwisha. Nina uchungu na wewe, mdogo wangu, na sitauzungukazunguka.

Ni habari ya mpwa wako, binti yangu, yule uliyemwita Kiherehere tangu hajaota meno kwa sababu hakukubali kulala kabla hajajua nani anagonga mlango. Unakumbuka ulipokuwa ukija likizo, unamkalisha kwenye meza ya jikoni na kumweleza nyota? Ulimwambia nyota huishi kwa kugombana na nafsi yake. Moto wa ndani unasukuma nje, na uzito wake wenyewe unaivuta ndani. Moto ukiisha, uzito unashinda, na nyota inaanza kujiangukia. Alikuwa anasahau hadi chai yake, inapoa kwenye kikombe.

Baadaye alipokua ukamweleza na yako. Kwamba kwa sheria ya uvutano tuliyoizoea, nyota kubwa ikishaanza kuanguka haina breki, inakwenda mpaka inakuwa shimo jeusi. Lakini wewe na wenzako mliirekebisha ile sheria, mkaiongezea kipande, na katika hesabu zako nyota ilianguka, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kwa hilo ulijulikana. Hata sisi tulijulikana kwa hilo. Muuza magazeti wa kona yetu aliniita dada wa mtu wa nyota.

Kiherehere akasema na yeye atasoma hayohayo mpaka shahada ya uzamivu. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikatia aibu, nikawaambia hadi wazazi wa wanafunzi wangu ambao walikuja kuulizia mambo ya ada.

Sasa nikuambie mimi nilivyolielewa lile kosa lililo ndani ya hesabu zako, maana nisije nikaonekana nafokea nisilolijua. Mimi si mtu wa nyota, ila hesabu naisoma, na mwanangu amenichorea mara nyingi. Ndani ya nyota kuna hesabu yake. Nje, kwenye anga tupu, kuna hesabu nyingine. Lazima mbili hizo ziungane pale kwenye uso wa nyota, kama sakafu ya sebule inavyopaswa kukutana na ya baraza. Sheria ya zamani inaridhika sakafu zikiwa sawa kwa kimo na kwa mteremko. Sheria yenu mpya ina makuu, inadai zaidi: hata mpindo wenyewe wa anga usiruke ghafla unapovuka kizingiti. Nyota yako ilikuwa nzito sawasawa kutoka katikati hadi ukingoni, halafu mara utupu. Uzito ndio unaoipinda anga, kwa hiyo pale ukingoni mpindo unaruka. Kwa sheria yako mwenyewe, nyota ile haiwezi kuwepo. Ulitumia sheria mpya ndani ya nyumba, ukafunga mlango kwa bawaba za zamani.

Kosa kama hilo ni la kibinadamu. Mimi hukosea ubaoni karibu kila wiki, na watoto wa kidato cha nne hushangilia kama timu yao imefunga bao. Ninafuta, ninaandika upya, tunaendelea. Sijawahi kusikia mwalimu aliyekufa kwa kufuta ubao.

Ila Kiherehere aliliona mapema. Mwaka jana alikuuliza. Alikuuliza kwa adabu zote, nusu ya barua pepe yake ilikuwa shikamoo, kwamba pale usoni mwa nyota anaona kama kuna sharti limesahaulika. Ukamjibu asichokonoe, pale pamekwisha thibitishwa, aendelee na kazi. Akaendelea. Mimi nilimuuliza kama ameihesabu upya mwenyewe. Akaniambia, "Mama, Mjomba kasema."

Na mimi nikanyamaza, maana ndivyo tulivyolelewa. Katika nyumba yetu mkubwa akishahesabu, mdogo harudii kuhesabu. Ni kumvunjia heshima. Baba akisema viti vinatosha wageni wote, basi vinatosha, na yule anayebaki amesimama tunasema amechoka kukaa. Tulicheka sana juu ya vile viti, mimi na wewe, tukiwa jikoni. Na wewe ndiye uliyekuwa ukiapa kwamba ukiwa mkubwa utamruhusu kila mtu ahesabu viti.

Sasa siku yenyewe ya kutetea tasnifu. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwepo kwa upande wako wa skrini, kwa hiyo nakueleza ya upande wetu.

Ukumbi ule wa chuo ni wa viti vya mbao vinavyolia mtu akijigeuza. Shemeji yako, kama unavyojua, ndiye fundi umeme wa chuo hichohicho, na alikuja alfajiri kufunga projekta mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse. Mama alikaa mstari wa mbele. Picha yako ilipotokea ukutani, kubwa kuliko ubao, ukasema "Habari za asubuhi, wote," Mama akamgeukia mgeni aliyekaa karibu naye akamwambia, "Yule ni mwanangu wa mwisho." Alimwambia na wa upande wa pili. Angeweza angewaambia na waliokuwa wakipita barabarani. Nyuma yako palikuwa na dirisha wazi na pazia jeupe.

Kiherehere alizungumza vizuri. Sikuelewa yote, lakini najua sura ya mtu anayejua anachosema. Kisha mtahini wa nje, bibi mmoja mpole anayezungumza kama anamwamsha mtoto, akamwomba arudi kwenye ukurasa wa uso wa nyota. Akamuuliza ameunganisha ndani na nje kwa masharti gani. Binti akayataja.

"Hayo ni masharti ya sheria ya zamani," yule bibi akasema. "Hii yako inataka zaidi ya hayo. Nani alikuambia yanatosha?"

Mwanangu hakutetereka hata kidogo. Alitabasamu, akaugeukia ukuta, akasema, "Mjomba... samahani, Profesa yupo nasi hapa. Hatua hiyo ya msingi ni yake. Ataeleza vizuri kuliko mimi."

Ndipo ukaganda.

Mkono shavuni, mdomo umefunguka nusu, macho yametazama pembeni. Mwenyekiti wa jopo akaita, "Profesa, unatusikia?" Kimya. Akaita tena. Shemeji yako alikuwa ameshainuka kabla ya mara ya pili, akapiga magoti chini ya meza, akatambaa na waya kutoka meza hata ukutani, anachomoa, anachomeka. Watu wakaanza kukohoa. Mama akasema kwa sauti, "Masikini, mwanangu kaganda," wengine wakacheka. Mume wangu akatoka chini ya meza na vumbi magotini, akaliambia jopo zima, "Samahanini sana, waheshimiwa. Tatizo liko kwetu."

Mimi nilikuwa nalitazama pazia. Lilikuwa linajaa upepo, linatulia, linajaa tena. Picha ikiganda inaganda yote, mdogo wangu. Haigandi profesa peke yake ikaacha pazia linacheza.

Nimefundisha miaka mingi. Nimeona mtoto anayejifanya mgonjwa siku ya mtihani, anayejifanya amelala, anayejifanya amepotewa na sauti. Sijawahi kuona anayejifanya picha.

Mwenyekiti aliposema waendelee bila wewe, Mama akasimama pale mbele akakupungia mkono, kwaheri mwanangu. Wewe ukapepesa macho. Mara moja tu. Kisha ukutani pakabaki peupe.

Tangu siku ile nimejaribu kukuonea huruma na imeshindikana. Nimekutafutia visingizio kama mama wa mtukutu. Labda alishtuka. Labda alikuwa anafikiri. Lakini mtu anayefikiri husema, "Ngoja nifikiri." Ulimwona mtoto uliyemlea amesimama peke yake mbele ya jopo, anakuangalia kwa tumaini lote, na ukaona heri uwe picha. Hilo ndilo linaloniuma. Nyota zako zianguke au zisimame, mimi sina ugomvi nazo.

Matokeo unayajua, maana alikuandikia. Hawakumfelisha na hawakumpitisha. Walisema sura kuu ya tasnifu imesimama hewani. Akarekebishe, arudi mbele yao mwisho wa mwezi ujao, na hakutakuwa na mara ya tatu. Mwenyekiti alimwita pembeni akamwambia kwamba kazi iliyochapishwa na mtu wa jina kubwa haipinduliwi na mwanafunzi kwa urahisi. Jopo litasita, litaogopa, litataka mwenye kazi aseme mwenyewe. Kwa hiyo tunachokuomba ni mistari mitatu. Liandikie jarida lililochapisha kazi yako kwamba pale usoni mwa nyota palikosewa, na nakala uitume kwa mwenyekiti. Basi. Hakuna anayekuomba figo.

Na wewe kimya, kama maji ya mtungini. Najua kwa nini. Wifi, ambaye hana hili wala lile, aliniambia kwa furaha kwamba wanachagua mkuu wa taasisi yenu na jina lako liko juu, tukuombee. Nilimjibu kwamba tunakuombea. Ni kweli tunakuombea, ila sidhani tunaomba kitu kimoja.

Unaogopa kwamba ukisema ulikosea utashuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, mdogo wangu, na ufa wako hauko gizani tena, yule bibi mpole ameshauona. Mtu mwingine atauandika, ikiwa si mwaka huu ni mwaka kesho. Tofauti ni kwamba leo bado unaweza kuusema kwa mdomo wako na mpwa wako akapona.

Nikuambie na habari ya shemeji yako, maana hii ndiyo inayonikosesha uvumilivu. Anaamini ni yeye. Wiki ileile alibomoa nyaya zote za ule ukumbi akaweka mpya, hakuna aliyemwagiza. Akikaa mezani na binti yake anaanza upya, mwanangu nisamehe, ningekagua usiku wa kuamkia siku ile yasingetokea. Kiherehere anamwambia si kosa lako, Baba. Yeye anadhani anafarijiwa tu. Kila nikimwona ameinama kwenye nyaya, nataka nipige kelele mpaka wewe huko usikie. Sijamwambia. Akijua hatakusema vibaya, hana tabia hiyo. Ataacha tu kukutaja.

Na Kiherehere anajua. Nilidhani hakuona. Siku ya tatu tulikuwa tunaosha vyombo, yeye anasuuza, mimi nafuta, akasema bila kunitazama, "Mama, hata mimi niliona pazia. Usimwambie Baba." Nikaendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka.

Tangu hapo anahesabu upya. Ameacha kukuuliza. Ameiondoa ile nyota yako iliyo sawa kote, ameweka nyingine inayopungua uzito kidogokidogo kuelekea ukingoni, mpaka inakutana na utupu bila kuruka. Jioni nami huketi naye nikikagua aljebra, mstari kwa mstari. Ni mara ya kwanza katika nyumba hii watu kuhesabu upya baada ya mkubwa, na paa halijaanguka.

Amemaliza wiki iliyopita. Nyota inaanguka, inafika palepale uliposema, inapunguza mwendo kweli, unabana pumzi. Halafu inaendelea kuanguka. Haisimami, Profesa. Nilidhani atashangilia kwa kukushinda. Alifunga kompyuta akasema, "Nilikuwa nataka isimame." Akaenda kulala bila kula.

Na bado kwenye ukurasa wa shukrani jina lako liko juu kabisa, juu ya langu na la baba yake. Nilimwambia alifute. Tuligombana, sauti zetu jirani wamezisikia. Akaniambia, "Ndiye aliyenionyesha nyota. Hilo halikukosewa." Nilikasirika zaidi, kwa sababu ni kweli. Kwa hiyo umebaki hapo juu. Ukae ukijua kwamba kuna mtu mmoja huku ambaye hajakufuta, na si mimi.

Atasimama tena mbele ya jopo, ukiandika usiandike. Ukiandika, hakuna atakayesita. Usipoandika, atakuwa mwanafunzi mmoja na hesabu sahihi dhidi ya jina kubwa, na wewe unajua mambo hayo huishaje, kwa sababu na wewe uliwahi kuwa mwanafunzi. Ukikaa kimya na akaanguka, sitakuandikia tena. Mama akifa nitamwambia wifi akuambie.

Nimeisoma tena sentensi hiyo na sitaifuta.

Msalimie wifi na uwabusu watoto kwa niaba yangu; hao hawana kosa. Jirani yetu mshonaji anakusalimu, anauliza kama suti aliyokushonea bado inakuenea. Kiherehere anakusalimu, anajua naandika, hajui naandika nini. Shemeji yako anakusalimu sana, na amesisitiza niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie anisamehe kwa mtandao wa siku ile, safari hii nimeweka waya mpya, hataganda."

Sasa macho ya Mama, nilivyoahidi. Siku ile ukumbini alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alikuwa anaona ukungu tu ukutani, alikutambua kwa sauti, na mpaka leo anamwambia kila anayemtembelea kwamba mtandao wa huko kwenu ni mbovu, la sivyo mwanawe asingemwacha mtoto aaibike. Akiniuliza huwa namjibu, ndiyo Mama, ulikatika. Hiyo ni kazi ninayokufanyia bila kuombwa, na imenichosha. Madaktari walimsafisha jicho la kulia mwezi uliopita na la kushoto juzi. Sasa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Anaona vumbi juu ya kabati na ametutangazia kwamba sisi ni wachafu. Ameshachagua gauni la siku ya kurudi mbele ya jopo, na amemwagiza shemeji yako amwekee kiti kilekile cha mstari wa mbele, kwa sababu anasema mara ya kwanza hakukuona vizuri, na safari hii anataka akutazame mpaka achoke.

Kiungo cha kuingilia tutakutumia. Ukiwa na neno la kusema, njoo uliseme. Ukiwa huna, usiwashe kamera. Lakini kama utawasha, na wakikuuliza utaganda tena, basi nakuomba kama dada yako, funga dirisha kwanza.

Mungu akulinde huko uliko, na akulegeze ulimi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo nisipotaka.